Agra kwa siku moja kutoka Delhi, na watoto watatu

"Shikamoo. Tuko Delhi, hii ni wiki ya tatu, nimemleta mume wangu kutibiwa moyo. Amepasuliwa, anaendelea vizuri, na daktari ametuambia tusubiri kama siku kumi hivi kwa vipimo vya mwisho ndipo turudi Tanga. Watoto wangu watatu (wa kiume miaka 11, wa kike 7, wa kiume 4) wamekaa ndani ya nyumba ya kupanga mpaka kazi yao imekuwa kugombana. Wanataka kuiona Taj Mahal. Dereva mmoja wa hapa karibu na hospitali anasema atatuchukua saa tisa usiku, tuone Taj Mahal, ngome ya Agra, na mji wa kale wa Fatehpur Sikri, kisha turudi usiku huohuo, na bei yake ni nafuu sana. Wenzangu wananitisha: joto la mwisho wa Aprili, watu kuwapiga watoto picha, na kwamba kila mtoto atalipiwa rupia 1,300. Je, niende? Na mume wangu anaweza kuja nasi?"

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza.

Kwa jinsi dereva alivyokupangia, usiende. Lakini Agra yenyewe inawezekana kwa siku moja, hata ukiwa na mtoto wa miaka minne, mradi ukubali kuona kitu kimoja tu, na siku nzima uipange kwa kulifuata jua. Kazi yangu ni kupangia safari familia zinazokuja Delhi kutoka kwetu, nyingi zikiwa zimeleta mgonjwa kama ninyi. Siku zinazoharibika huharibika kwa namna ileile: mambo mengi mno, saa mbaya, na mtoto mdogo analia juu ya marumaru saa saba mchana wakati bado kuna sehemu mbili za kwenda.

Nianze na pesa maana ndiyo nyepesi. Mtoto wa chini ya miaka 15 halipi kiingilio Taj Mahal, awe Mhindi au mgeni. Hizo rupia 1,300 ni zako peke yako: 1,100 za kuingia kwenye eneo, na 200 za ziada za kupanda kwenye jukwaa na kuingia ndani ya kaburi lenyewe, maana Taj Mahal ni kaburi la kifalme. Beba pasipoti za watoto, kwa kuwa mlinzi anaweza kutaka kuhakikisha umri, hasa wa huyo mkubwa kama amerefuka. Tiketi yako inunue kwenye tovuti rasmi ya idara ya mambo ya kale ya India kabla ya siku yenyewe, usije ukapanga foleni ya kununua na watoto. Na akitokea mtu wa kukuahidi kukuingiza kwa bei ya wenyeji, rupia 50, mshukuru upite. Pale mlangoni watakuangalia mara moja tu, na utalipa upya. Jambo jingine ambalo watu hulisahau: Ijumaa Taj Mahal imefungwa kwa watalii, huingia wanaokwenda kuswali tu.

Sasa huyo dereva. Unafuu wa bei yake una chanzo. Madereva wengi wa safari hizi hulipwa kamisheni na maduka ya Agra yanayouza vitu vya marumaru, mazulia na vito. Hupata kitu kwa kukufikisha tu, na zaidi ukinunua. Kwa hiyo bei unayotajiwa ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine anaitafuta dukani. Utaambiwa ni dakika kumi za kuangalia mafundi wakifanya kazi, na itakuwa saa nzima ya kuletewa chai na kufunguliwa masanduku, huku saa zako za ubaridi zikiyeyuka. Mara nyingi hicho kinachouzwa kama marumaru ni jiwe laini linalochunika kwa ukucha. Si kwamba kila dereva ni mwongo. Ndivyo biashara ilivyosukwa, na mwenye watoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu muda wake ni mfupi kuliko wa mwingine yeyote.

Tena fanya hesabu ya barabara. Yamuna Expressway, iliyofunguliwa 2012, ina kilomita 165 na ni nzuri kweli, lakini kutoka mlangoni kwenu Delhi hadi Taj Mahal weka saa tatu na nusu hadi nne. Fatehpur Sikri iko mbele zaidi ya Agra, karibu kilomita 40. Ukijumlisha kwenda na kurudi, watoto watakaa garini zaidi ya saa nane. Na dereva aliyeamka saa nane usiku ndiye atakayewarudisha saa mbili usiku. Uzuri wa barabara ile ndio hatari yake: imenyooka, magari yanakwenda kasi, na usingizi huja bila hodi. Familia zinazoamua kwenda kwa gari huwa naziomba jambo moja kabla ya kukubaliana bei: fungueni mlango wa nyuma mwangalie mikanda. Katika teksi nyingi imefukiwa chini ya vitambaa vya viti na haitoki.

Joto ndilo hasa la kupangia, na hapo wenzako hawakukutisha bure. Mwishoni mwa Aprili Agra hukaribia nyuzi 40 mchana, na siku nyingine huzipita. Utasema, sisi ni watu wa Tanga, joto tumezaliwa nalo. Lakini si joto lile. Kwetu hewa ina unyevu: mtoto akicheza shati linalowa, unaona kabisa kwamba anatoka jasho, unampa maji. Agra ya mwezi huo ni kavu. Jasho linakauka palepale linapotoka, ngozi inabaki kavu, na mama anadhani mtoto yuko salama kumbe maji yanamwishia. Mtoto mdogo huathirika haraka kuliko wewe, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupokea joto upesi. Na akiwa ameshughulika na jambo hakumbuki kiu. Usimngoje aombe maji. Mnyweshe kidogokidogo njia nzima, na kipimo chako kiwe mkojo: ukiwa mweupe uko sawa, ukiwa wa manjano iliyoiva umechelewa.

Kisha pale penyewe. Bustani ya Taj Mahal ina miti pembeni, lakini lile jukwaa ambalo kaburi limesimama juu yake halina kivuli, na marumaru nyeupe inarudisha mwanga usoni. Kuanzia saa tano huwezi kufumbua macho vizuri bila miwani. Kwa hiyo lengo lako ni kuwa umeingia mapema na umetoka kabla ya saa tano.

Watu wengi hushauriwa treni ya Gatimaan, na ni treni nzuri: inaondoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin saa mbili na dakika kumi asubuhi, na baada ya saa moja na dakika arobaini iko Agra Cantt, stesheni ya Agra. Kwa Novemba au Februari ningekwambia uichukue ukafurahie. Kwa Aprili inakuingiza Taj Mahal saa tano kamili, yaani kwenye tanuri. Chukua ya mapema, Bhopal Shatabdi, inayoondoka stesheni ya New Delhi saa kumi na mbili kamili asubuhi na kufika Agra kabla ya saa mbili. Halafu kurudi ndipo upande Gatimaan, inayotoka Agra saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni na kuwafikisha Delhi kwenye saa moja na nusu usiku. Angalia sana: unaondokea stesheni moja na kurudia nyingine, kwa hiyo usimwambie mtu wa kuwapokea akusubiri pale mlipoagana. Na saa zilizoandikwa kwenye tiketi zithibitishe siku ya kununua, ratiba hubadilika.

Mtoto wa chini ya miaka 5 hapandi kwa nauli ikiwa atapakatwa. Ukimtakia kiti unalipa kama mtu mzima. Mimi ningemlipia. Saa mbili za kumpakata alfajiri, kabla hata siku haijaanza, zitakumaliza. Wavalishe masweta, maana kiyoyozi cha mabehewa yale hakina huruma.

Tiketi usimnunulie mtu wa barabarani. Kuna ofisi ya kuhudumia wageni ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni ya New Delhi. Nenda na pasipoti zenu halisi. Nje utakutana na kijana nadhifu atakayekwambia ofisi imefungwa, imehama, au imeungua moto, na kwamba yeye anaijua nyingine. Mpite tu, panda ngazi.

Mkishuka Agra Cantt, nje kuna kibanda cha teksi za kulipia kabla. Lipa pale, mwambie dereva lango la mashariki, na mwambie mapema kwamba hamsimami duka lolote. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kufika karibu na Taj Mahal, kwa ajili ya kulikinga jiwe dhidi ya moshi, hivyo mtashuka kwenye maegesho na kumalizia kwa vigari vya umeme au kwa miguu. Panda kigari. Nguvu za mguu wa mtoto wa miaka minne ziweke akiba, kwa sababu kutoka lango kuu la ndani hadi kaburini ni kama mita 300, kisha ngazi, kisha kurudi. Kigari cha kusukuma mtoto kitakusumbua kwenye ngazi. Chukua kanga. Akichoka unambeba mgongoni, akilala unamfunika jua, mkifika kwenye nyasi mnakalia.

Walishe vizuri ndani ya treni, maana chakula hakiingii. Walinzi wanazuia biskuti, pipi, ubani, kiberiti, visu, mabegi makubwa. Maji yanaruhusiwa. Usibebe chochote ambacho mtoto atalia kikichukuliwa.

Hapo kwenye ukaguzi kuna jambo ambalo vitabu vya safari havilitaji na kwako ni kubwa. Foleni ya wanaume ni mbali na ya wanawake, na kila mtu anapapaswa. Wa miaka minne utapita naye. Huyo wa miaka 11 huenda wakamwelekeza kwa wanaume, na hana baba wa kupita naye. Mwambie tangu treni: utapita peke yako, utainua mikono, mlinzi atakukagua, kisha utasimama hapohapo baada ya mashine, usisogee hata ukiitwa, mpaka unione mimi. Mpe karatasi yenye namba yako ya India mfukoni. Mtoto aliyeambiwa mapema hujiona mkubwa. Asiyeambiwa hutokwa na machozi katikati ya askari, na asubuhi yenu inaanza vibaya.

Ndani, usimkodi kiongozi wa kuwaeleza watoto kwa saa nzima. Wape kazi ya kutafuta. Waambie kila kitu pale kina pacha wake, kushoto na kulia, isipokuwa kimoja. Waache wakitafute. Ni kaburi la Shah Jahan mwenyewe, mfalme aliyeijenga Taj Mahal: la mkewe Mumtaz Mahal liko katikati kabisa, na lake liliongezwa pembeni baadaye, likavunja mpangilio wote. Hayo wanayoyaona ni ya juu. Makaburi yenyewe yako chini yake, hayafunguliwi. Mumtaz alifariki 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, ujenzi ukaanza mwaka uliofuata. Waonyeshe pia minara minne jinsi ilivyoinama kidogo kwa nje, ambapo inasemwa ni ili ikianguka isiliangukie kaburi.

Na kama mwanao anasoma madrasa, kama watoto wengi wa Tanga, mna kitu ambacho watalii wengine wengi hawana. Maandishi meusi yanayozunguka lango kuu ni Surat Al-Fajr, na kwenye kuta za kaburi iko Yasin. Msimamishe chini ya lango umwambie asome. Herufi zimeunganishwa kwa mtindo wa zamani, itabidi atafute neno moja analolijua ndipo mengine yafuatie. Kisha muulize kwa nini herufi za juu zinaonekana sawa na za chini, ilhali ziko mbali zaidi. Mwandishi, Amanat Khan, alizikuza kadiri zinavyopanda. Hadithi za Shah Jahan kuwakata mafundi mikono watazisikia tu kwa mtu. Hazina ushahidi wowote, msiwape watoto kama historia.

Kuhusu picha, ni kweli. Watu wataomba kupiga picha na wanao, wengine hawataomba, na nywele za binti yako zikiwa zimesukwa zitashikwa. Wengi wao ni familia zilizotoka vijijini kuja kuona Taj Mahal kama ninyi, hawajawahi kumwona Mwafrika ana kwa ana, na hawana nia mbaya. Wachache wana dharau, na mtoto wa miaka saba anajua tofauti. Kwa hiyo uamuzi uwe wake. Mkubaliane kabla: akitaka, picha moja, mama akiwa kando, asipotaka, unasimama mbele yake, unainua kiganja, unasema "nahi", yaani hapana, bila kucheka. Ukicheka wataona unakubali. Ukimruhusu mmoja kwa kumwonea haya, nyuma yake kuna foleni, na watu wakikusanyika ondoka bila kujieleza.

Nyani wadogo wa mjini Agra nao ni wa kuogopwa kuliko watu. Wanakaa karibu na malango na wanajua mfuko wa plastiki una nini. Mtoto asishike chakula mkononi nje. Akiumwa au hata kukwaruzwa, iwe ni nyani au mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo kama la kucha. Usingoje kurudi Tanga. Ugonjwa ule ukishajitokeza hautibiki.

Mkitoka saa tano, siku ya kutembea imekwisha; msiidai zaidi. Tafuta hoteli yenye kiyoyozi, ikiwezekana chumba cha mchana tu, wale, walale. Chakula si taabu kwa watoto wetu: chapati, dengu, wali na mtindi wanavijua. Sema "mirchi nahi", bila pilipili, na bado onja wewe kwanza. Maji ya chupa iliyozibwa, barafu hapana, matunda yaliyokatwa hapana, ndizi ruksa. Wakiamka saa tisa na nusu wakiwa na nguvu, kaburi la Itimad-ud-Daulah ng'ambo ya mto ni dogo na halichoshi, ila muwe stesheni kabla ya saa kumi na moja na robo. Wakiamka wazito, kaeni. Ngome ya Agra ni nzuri sana, lakini kuta zake za mawe mekundu mchana huo hutoa joto kama ukuta wa jikoni.

Beba pakiti za ORS kutoka duka la dawa, zile za kuchanganya na maji kwa kipimo kilichoandikwa, na si juisi za boksi zenye maneno ya kuongeza nguvu. Hizo ni sukari. Mtoto akilalamika kichwa, akichefuka au akiwa mkali kupita kawaida, kivuli, alale, miguu juu, nguo nzito zitoke, anywe taratibu. Nusu saa ikipita bila nafuu, daktari. Akianza kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka, kutapika mfululizo au kuzimia, hapo hakuna kungoja: mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na piga 112. Ikiwa yeyote kati yao ana selimundu au pumu, usinunue tiketi kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu kukaukiwa maji kwa mwenye selimundu kunaweza kumwangusha kwenye maumivu makali.

Mume wako. Mimi si daktari wa moyo na huyo mnaye hapo, muulize yeye. Muulize kwa kutaja mambo yenyewe: saa kumi na tano nje ya nyumba, ngazi, nyuzi 40, saa nne za treni. Ukiuliza tu "anaweza kutoka kidogo?" atakujibu ndiyo. Muulize pia dawa anazokunywa; za kupunguza maji mwilini na za presha zikikutana na joto kavu zinaweza kumwangusha kwa kizunguzungu. Aliyepasuliwa kifua huambiwa asibebe mzigo kwa wiki kadhaa, na mwenye miaka minne akichoka atamlilia baba. Ushauri wangu ni abaki. Lakini asibaki peke yake: tafuta Mtanzania mwenzenu wa kukaa naye siku hiyo, na kama hapatikani, safari ya Agra iache.

Ukiiacha hutakuwa umewanyima kitu kikubwa. Hapo Delhi kuna kaburi la mfalme Humayun, la miaka ya 1560 na kitu, lililotangulia Taj Mahal kwa mtindo wake, na kando yake makumbusho mapya ya chini ya ardhi, yaliyofunguliwa 2024, yenye ubaridi wa kutosha. Nendeni saa moja asubuhi, saa tano mmerudi. Siku nyingine, makumbusho ya reli kule Chanakyapuri, hufungwa Jumatatu: mainjini ya zamani ya mvuke, na treni ndogo ya kupanda. Kusema kweli huyo wa miaka minne ataipenda kuliko kaburi lolote la mfalme. Na baba yao, daktari akiruhusu, anaweza kuja akakaa kivulini kwa saa moja.

Ukiamua Agra, chagua Jumanne au Jumatano, watu ni wachache kuliko mwisho wa wiki, na kata kwanza tiketi ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Viti vya Gatimaan ya jioni vikiwa vimejaa, badilisha siku. Usiseme mtarudi kwa gari.